M ya Maji

Tangu nilipokabidhi funguo za ghala, vijana wa dukani hawajaniacha nipumzike. Leo wanauliza misumari ya bati iko wapi, kesho wanauliza nani alificha utepe wa kupimia. Wiki iliyopita angalau swali lilikuwa la maana, la mashua: "Muzee, kuko mutu anataka triplex ya kutengeneza bwato ku nyumba yake. Tumupe gani?" Nilianza kujibu kwenye simu, na kabla sijafika kwenye gundi simu ikakatika. Basi nimekaa niandike. Mke wangu anasema ni afadhali hivyo, kwa sababu hapa nyumbani hakuna mtu anayetaka kusikia habari za gundi wakati wa chakula.

Sitawasimulia nilivyopanda vyeo. Duka letu lilikuwa na vyeo viwili tu, mwenye duka na sisi wengine. Nitawasimulia nilivyofundishwa kuchagua ubao, na kosa moja nililolifanya wakati wa vita. Mmeniuliza mara nyingi kwa nini sisi tunaandika neno zima, MAJI, kwenye ubao, wakati maduka mengine yanaandika herufi na namba. Nilikuwa nawajibu kwamba nina mwandiko mzuri. Hiyo haikuwa sababu.

Niliingia kazini nikiwa kijana wa mtaa wa Buyenzi ninayejua kubeba na kuhesabu, basi. Mwenye duka, Bwana Seif, ni wa ukoo uliotoka Omani zamani. Babu yake aliuza misumari mji huu ukiwa bado una mitaa michache. Siku yangu ya kwanza alikuja mteja akaomba triplex. Hapa Bujumbura kila ubao wa tabaka zilizobandikwa kwa gundi ni triplex, hata ukiwa na tabaka tisa. Nilipanda juu ya rundo nikachagua ubao wenye uso laini kuliko yote, mwekundu kidogo, hauna fundo hata moja, nikamtolea kwa madaha. Nyuma yangu mtu akacheka.

"We unachagua triplex sawa vile mutu anachagua bibi ku picha," akasema.

Huyo alikuwa Mzee Kalonda, fundi wa mashua kutoka upande wa Uvira. Mgongo wake ulikuwa umekataa kazi ya kuinama, na Bwana Seif akamweka ghalani awe macho yake. Mzee Kalonda alichukua ule ubao wangu mzuri akaugeuza, akanionyesha ukingo wake. Tabaka la katikati lilikuwa na matobo yanayoingia kidole. "Maji yatapita humu yafanye kiota," akasema. "Rudisha. Huu ni wa plafond, wa dari."

Miaka yote aliyokaa nasi alinifundisha kwa kunichokoza hivyo hivyo. Kwanza ukingo: hesabu tabaka, tafuta matobo, angalia kama tabaka za ndani ni nene kuliko za nje, maana ubao wa namna hiyo unapasuka ukiupinda. Halafu gonga kwa sarafu kuanzia pembe moja hadi nyingine, na pale mlio unapobadilika ujue ndani gundi haikushika. Halafu rangi ya gundi. Gundi inayovumilia maji huwa nyeusi au ya kahawia, unaiona kama mstari wa kalamu kati ya tabaka na tabaka. Gundi nyeupe ni ya vitu vya ndani ya nyumba. Na kama bado una wasiwasi, kata kipande cha pembeni ukitie kwenye sufuria, ukichemshe muda ule ule unaochemsha maharagi makavu. Kikitoka kizima, mtu anaweza kupanda ndani ya mashua yake na watoto.

Bwana Seif alichukia hilo la kukata pembe. Alisema tunauza mbao zenye meno ya panya. Lakini mafundi wa ziwani walikuwa wanakuja dukani kwetu kwa sababu ya pembe zile zile, na yeye aliwaona.

Mzee Kalonda hakuwa amesoma sana. Aliandika herufi tatu tu, kwa penseli nyekundu: P kwa plafond, K kwa kabati, M kwa maji. Alinirithisha herufi hizo pamoja na penseli aliporudi kwao kuugulia mgongo wake. Bwana Seif, aliyesoma kwa mapadri na kuandika Kifaransa cha kupendeza, hakujishughulisha na alama za ghalani. Kazi yake ilikuwa mbele, kwenye meza. Tuliishi hivyo miaka mingi bila kuulizana.

Kisha vita ikaja. Mnajua mlivyoambiwa na wazazi wenu, sitarudia. Nitasema tu jinsi ilivyoonekana kutoka ghalani. Mbao za P zilikwenda kuziba madirisha yaliyokosa vioo. Mbao za K, zilizokuwa za kabati na vitanda, zilikwenda kwenye majeneza, na mafundi walikuja kuzichukua bila kubishana hata juu ya urefu. Miezi mingine niliona aibu kuwa na kazi. Kwa hiyo mtu akija akitaka ubao wa M nilikuwa nafurahi waziwazi. Huyo alikuwa anajenga kitu cha kumtoa nje na kumrudisha nyumbani.

Na walikuwa wengi kuliko mnavyofikiri. Mbao ndefu kutoka Kongo zilikuwa haziji tena, na ukijengea ufukweni ungekuta asubuhi kazi yako imekuwa kuni za mtu mwingine. Kwa hiyo watu walijengea uani, kwa triplex, mashua ndogo nyepesi, mbali na ziwa. Niliwahi kuona moja mtaa wa Cibitoke ikiwa imejaa nguo za kuanikwa. Nyingine walilala kuku mwezi mzima ikisubiri rangi.

Vikwazo vya biashara vya nchi jirani vilipotukuta, mzigo ukawa haba. Mzigo wa mwisho wa triplex tulioupata uliingia bandarini mimi nikiwa kitandani na malaria. Ulipangwa bila mimi. Niliporudi, nikiwa bado sina nguvu, nilikuta rundo jipya la mbao kumi na nne, kila moja imeandikwa M kubwa, nzuri, yenye mkia. Kingo zake zilikuwa zimepakwa rangi nyekundu huko kiwandani, kwa hiyo huoni tabaka wala gundi bila kukata. Nilisema moyoni, alhamdulillahi, mzigo wa mwisho umekuwa wa maji. Sikukata. Nawaambieni wazi: sikukata kwa sababu nilikuwa mchovu, na kwa sababu niliona herufi yangu, hata sikujiuliza nani aliyeiandika.

Wiki hiyo hiyo akaja Mama Leokadia. Alikuwa muuza ndagala, dagaa wa ziwani, wa mtaa wa Kinama, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini. Mumewe alikuwa mvuvi na alikufa mwanzoni mwa vita. Alilisema kwa sentensi moja, kama watu walivyosema siku zile, na hakuna aliyeuliza zaidi. Kinama watu walikuwa wameanza kurudi, wengine kwenye nyumba zisizo na paa. Yeye alirudi na wanawe wawili wakubwa, Elie na Fabien, waliokuwa wakivua kwenye mashua za watu kwa kupewa samaki wa chini ya kikapu. Alitaka wavue kwenye mashua yao wenyewe. Alikuja na kaka yake, fundi Gervais, aliyekuwa amejenga vitanda vingi na mashua mbili.

Wakati tunachagua, milio ya risasi ikaanza kusikika upande wa milimani. Bwana Seif akaanza kuteremsha milango ya chuma. Kila kitu kikafanywa kwa haraka. Gervais aliweka mkono juu ya ile M.

"Hii njo ya maji, eh?"

"Njo yenyewe," nikamjibu. "Beba."

Wakabeba sita. Nikawasaidia kuzifunga kwenye kigari, nikawatakia safari njema, nikaenda nyumbani nimeridhika.

Karibu miezi miwili baadaye mwalimu mmoja alikuja kutafuta ubao wa rafu za vitabu. Bwana Seif akaniita kutoka mezani.

"Rama, mutolee moja ya zile za M."

Nikacheka. "Patron, tumuharibie mwalimu ubao wa maji kwa kuweka vitabu?"

"Maji gani?"

"M. Maji."

Akanitazama kama vile malaria imenirudia. "M ni meuble, Rama. Meuble, ubao wa kabati! Niliziandika mi mwenyewe wakati uko mugonjwa. Ile mustari wa chini ya M hukuona? Kwenu kuko mutu anaandika M muzuri vile?"

Nilichukua msumeno nikakata pembe ya ubao wa juu. Chini ya rangi nyekundu gundi ilikuwa nyeupe kama uji. Nikakata wa pili, wa tatu. Mwalimu akasimama pale akiona ninaziharibu mbao mbele yake, hakuelewa, akaondoka bila kununua. Zilikuwa zimebaki nane, na zile sita zilizotoka zilikwenda zote Kinama.

Bwana Seif alishika kichwa, halafu akaanza kutafuta njia ya kupita. "Watapaka rangi," akasema. "Mara tatu, ine. Rangi itashika."

Hapa ndipo nataka msome polepole. Nilikubali maneno yake. Siku mbili nzima niliishi na hiyo rangi. Nilijiambia fundi Gervais anajua kazi, angeona gundi nyeupe akikata, angeacha. Nilijiambia Kinama ni hatari. Nilijiambia pengine hawakujenga kabisa. Nilikula, nikaswali, nikauza misumari. Lakini kila nilipofumba macho nilijua ziwa linafanya nini kwenye gundi nyeupe. Halivunji siku ya kwanza. Siku ya kwanza mashua inakwenda vizuri, ya pili vizuri, watu wanaanza kuiamini, na siku wako mbali na nchi kavu sakafu inaanza kufunguka kwa tabaka. Vijana wale wawili wangekuwa wamekaa juu ya herufi yangu. Siku ya tatu asubuhi nilichukua msumeno wangu mdogo nikaondoka.

Sisi wa Buyenzi siku zile tulikuwa na bahati ya ajabu, kila upande ulituona Waswahili tu, watu wa biashara na makelele, na mara nyingi tulipita pale ambapo wengine hawakupita. Hata hivyo baada ya Cibitoke kulikuwa na kizuizi, na askari akanisimamisha.

"Unaenda kufanya nini Kinama?"

"Kuangalia triplex, afande."

Alicheka hadi akamwita mwenzake aje asikie. "Mu vita hii kuko mutu anaenda kuangalia triplex!" Waliniachia nipite, ila msumeno waliubakiza. Wakasema nitauchukua nikirudi, na kwamba nirudi mapema.

Nilimkuta Mama Leokadia uani, maharagi yako motoni. Na katikati ya uani ilikuwapo mashua. Ilikuwa imelazwa kifudifudi juu ya matofali, imepakwa rangi ya buluu, mistari yake imenyooka kuliko ya mashua nyingi nilizoziona zikitoka kwa mafundi wa ufukweni. Gervais alikuwa anapangusa ubavu wake kwa kitambaa. Alifurahi kuniona. Alidhani nimekuja kusifu, na kusema kweli ningependa iwe hivyo. Mama Leokadia akaniletea kiti, akasema, "Karibu, Muzee Rama. Juma ya kesho tunaipeleka ku maji."

Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu Buyenzi. Yote yakapotea. Nikasema tu: "Mama, isiende. Ubao ni mubaya. Nilikosea."

Gervais aliacha kupangusa. Nikaeleza ile M na ile M nyingine. Nilipotaja meuble, uso wake ukabadilika.

"Niliona gundi nyeupe," akasema. "Wakati nakata, niliona. Nikasema, apana, hii haiko ya maji. Lakini M ilikuwa pale. Mi nani nibishane na M ya Muzee Rama?" Kisha akapandisha sauti. "Miezi mbili! Uko unakuya leo, rangi imekauka, unasema tuivunje?"

"Sisemi muivunje. Nipe kipande kilichobaki tukichemshe. Kikitoka kizima, mi nitakuomba musamaha nirudi kwetu."

"Tuchemshe ubao?"

Mama Leokadia aliinuka, akaipua maharagi yake yakiwa bado mabichi, akaweka sufuria ya maji juu ya mkaa. Gervais akaleta kipande cha ukubwa wa kiganja, akakitosa kwa hasira hadi maji yakaruka. Tukakaa watatu kukitazama.

Sijui kama mmewahi kukaa saa tatu na watu mliowakosea, hamna cha kuongea. Tuliongea habari za bei ya mkaa, tukaziacha. Tuliongea habari za mvua. Jirani mmoja alichungulia akauliza tunapika nini, Mama Leokadia akajibu, "Bwato," na jirani akaondoka. Kila nilipotaka kufunua sufuria yeye alinizuia kwa mkono. Alitaka muda utimie, wa maharagi kamili, mtu asije kusema baadaye kwamba tuliharakisha. Nilimheshimu sana kwa hilo, na nilikuwa naogopa pia kwamba nitachelewa kizuizini.

Kipande alikitoa Mama Leokadia mwenyewe kwa mwiko. Hakuhitaji hata kisu. Alikishika pembeni kwa vidole viwili, na tabaka zikaachana moja moja zikaangukia chini, tano. Gervais aliziokota akazipanga juu ya goti lake, akazihesabu, akazitia mfukoni. Kisha akaingia ndani ya nyumba akafunga mlango.

"Sasa?" Mama Leokadia akaniuliza.

Nikamwambia nitamletea mbao nyingine. Nilisema hivyo bila kujua zitatoka wapi, maana nchi nzima ilikuwa haina. Askari alinirudishia msumeno na kuniuliza triplex wanaendeleaje. Nikamwambia wamefariki.

Nilitafuta karibu mwezi. Madukani palikuwa na vumbi tu. Mtu mmoja alinionyesha mbao za plafond alizozing'oa, zinanuka popo. Mwingine aliniapia kwa jina la mama yake kwamba zake ni marine, yaani za majini. Niligonga mmoja kwa sarafu, ukalia mlio wa ngoma mbovu. Mwishowe niliwaza kama fundi wa nyumba. Mtaa wa Kigobe kulikuwa na nyumba kubwa iliyosimama nusu tangu vita ianze. Mjenzi wake, Bwana Deo, alikuwa amelundika uani mbao zake za kumiminia zege, zile za coffrage. Nilizipita mara mbili bila kuziona, kwa sababu zilikuwa chafu, zina saruji na matobo ya misumari. Mara ya tatu nilisimama. Mbao zile zilikuwa zimebeba zege mbichi, halafu zikalala nje misimu kadhaa ya mvua bila hata turubai, na kingo zake zilikuwa bado zimefumba. Nikakwangua saruji kwa ufunguo. Gundi ilikuwa nyeusi tii.

Nawaambia ninyi mnaofanya kazi leo na mbao zenye mihuri: msidharau ubao wa coffrage. Ni mzito, ni mbaya wa sura, lakini umeshafanyiwa mtihani kabla haujafika kwako. Angalia tu usiwe umepasuka pale misumari ilipopita, na uzibe kila tobo kwa kijiti na gundi.

Bwana Deo alikuwa na shida yake. Sehemu moja ya nyumba ilikuwa imekwisha na mwenye nyumba alitaka kuhamia, ila kabati na plafond vilikosa mbao. Nikamwambia tunazo nane, mpya, safi, za meuble. Akasema nane kwa nane, na kipande cha kuchemsha akanipa cha bure. Nilikichemsha nyumbani asubuhi hadi adhuhuri, mke wangu akilalamika. Kilitoka kizima kabisa.

Ikabaki kumwambia Bwana Seif. Alipiga kelele. Kubadilisha mbao mpya za mwisho za duka na matambara ya zege, kwa ajili ya mteja aliyekwisha kuondoka! Alizunguka meza mara mbili, akaketi, akachukua kalamu, akaandika M kwenye karatasi, ile ya mkia, akaitazama.

"Peleka," akasema. "Wallahi, sitaki mutu azame mu herufi yangu."

"Ni yetu sisi wawili, patron."

"Peleka, Rama, mbele sijageuza roho."

Siku hiyo ndipo tulipokubaliana kuandika neno zima. Mteja wa kwanza kuona MAJI kwenye ubao aliukataa, akidhani umelowa.

Gervais hakunisemesha nilipofika na kigari. Alikata pembe mwenyewe, akachemsha mwenyewe. Ndipo akanisalimia. Mbao zilikuwa nene mno kuzipinda kama za kwanza, kwa hiyo akachora mashua nyingine, ya chini bapa na mbavu zilizonyooka, na kila ukingo tukaupaka rangi mara tatu kabla ya kuunga na mara tatu baada ya kuunga. Nilikwenda Jumapili nne kumsaidia. Ile ya buluu aliivunja kwa uangalifu, ikatoka vitanda viwili na kabati. Kitanda kimoja kilikuwa na ubavu uliopinda, na Fabien alisema kinambembeleza. Walau zile mbao zilifika zilikoandikiwa.

Mashua mpya haikuwa nzuri. Rangi haikufunika saruji yote, na majirani waliibandika jina la bwato ya béton, mashua ya zege. Ilibebwa na watu wanne hadi kwenye kigari pale ambapo wawili wangetosha. Tuliiteremsha ziwani asubuhi, saa zilizoruhusiwa, askari wawili wakitazama kwa mbali. Elie na Fabien walikwisha kuvua viatu na kushika makasia, Mama Leokadia akawazuia.

"Ngoja. Muzee Rama anaingia."

"Mi?"

"We njo ulichagua ubao. Ingia."

Nilimwambia sijui kuogelea. Akasema anajua, ameuliza. Gervais aligeuza uso asionekane akicheka. Hakukuwa na ubishi wa kubisha, kwa hiyo nilikunja suruali nikapanda, nikakaa katikati, vijana wakapiga kasia. Tulikwenda mpaka pale askari walipotupigia mluzi tusiendelee, na pale tukasimama. Kwa macho ya mama yao tulikuwa wadogo sana, lakini niliweza kumwona amesimama kwenye maji hadi magotini, mikono kifuani, hakuketi hata mara moja. Nilikuwa nimeweka viganja vyangu vyote viwili chini, kwenye sakafu ya mashua. Elie alisema, "Muzee, unaombea?" Nikamwambia ninasikiliza. Tulikaa karibu saa nzima. Sakafu ilikuwa kavu tulipotoka, na ilikuwa kavu tulipogeuza kurudi.

Nilishuka, na Mama Leokadia akanijia. Nilidhani atakagua mashua kwanza. Alinishika mkono wangu, akaugeuza, akapitisha kidole chake kwenye kiganja kutafuta unyevu. Hakupata.

"Tangu hii vita inaanza," akasema, "watu wengi walikuya ku mulango yangu. Wote walikuya kuniambia pole. Muzee Rama, we njo mutu wa kwanza alikuya mbele, kabla ya musiba."

Akaniacha mkono, akawageukia wanawe akawaambia haya, nendeni.